Valverde na Lawama ya Kusubiri

Sikumbuki mwendesha baiskeli mwingine wa enzi hizi aliyebishaniwa kwa muda mrefu kama Alejandro Valverde, na sehemu ya sababu ni kwamba wachache sana walidumu barabarani kama yeye. Alianza kulipwa na timu ya Kelme mwaka 2002, akiwa kijana wa miaka 21 kutoka Murcia, kusini-mashariki mwa Hispania, na akastaafu Oktoba 2022 baada ya mbio za Il Lombardia, akiwa na miaka 42. Shabiki aliyeanza kumtetea wakati Lance Armstrong bado anavaa jezi ya njano ya kiongozi wa Tour de France alijikuta, mwishoni, akibishana na vijana ambao walikuwa hawajazaliwa Valverde alipopata medali yake ya kwanza ya dunia mwaka 2003.

Ubishi wenyewe haukuwa juu ya kama ana kipaji. Hilo hata waliomchukia walilikubali, tena wakati mwingine kwa uchungu, kwa sababu kwao kipaji kile kilikuwa ndiyo ushahidi wa kosa: mtu aliyejaliwa kiasi hicho, walisema, hakupaswa kukimbia kwa woga. Walimwita mla jasho la wenzake, mtu anayejificha nyuma ya magurudumu ya wengine siku nzima na kujitokeza dakika ya mwisho kuchukua alichokifanyia kazi mwingine. Nimeisikia lawama hiyo kwa namna nyingi, na kadiri ninavyoitafakari ndivyo ninavyoona kwamba wanaoitoa wanazungumzia mbinu za Valverde kana kwamba ni tabia yake ya moyoni, ilhali kwa sehemu kubwa zilikuwa hesabu za mwili wake. Mwili uleule uliompa ushindi zaidi ya mia moja ndio uliomfundisha kusubiri, na kusubiri ndiko kulikomkosesha baadhi ya siku ambazo angezitaka kuliko zote.

Mahali pazuri pa kuona jambo hili ni Huy, nchini Ubelgiji. Mbio za Flèche Wallonne, zinazofanyika katikati ya wiki kila Aprili, humalizikia juu ya kilima kiitwacho Mur de Huy, chenye urefu wa kama kilomita 1.3 na mwinuko wa wastani unaozidi asilimia 9, ingawa kuna kona ambayo upande wake wa ndani unapita asilimia 20. Valverde alishinda hapo mwaka 2006, kisha akashinda mara nne mfululizo kuanzia 2014 hadi 2017. Hakuna mwanamume mwingine aliyefikisha ushindi mara tano katika mbio hizo. Na kila mara alishinda kwa namna ambayo, kwa mtazamaji asiye na subira, ilionekana ileile: anaingia kilimani akiwa miongoni mwa watu kumi wa mbele, anapanda bila kuonyesha chochote, anawaacha wenye haraka wajitokeze, halafu zikiwa zimebaki mita mia na kitu anainuka kwenye pedali na mashindano yanakwisha.

Wakosoaji waliitumia Huy kama mfano wao mkuu. Mimi naiona kuwa mfano unaowapinga. Faida ya kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzako ni faida ya upepo: katika barabara tambarare, kundi likienda kasi, anayejikinga nyuma anaweza kuokoa hadi kama theluthi ya nguvu ambazo angetumia akiwa mbele. Lakini kilimani, pale ambapo mwinuko ni mkali kiasi kwamba baiskeli inasonga polepole, upepo unakuwa jambo dogo na mzigo halisi ni uzito wa mwili wako mwenyewe dhidi ya mlima. Kwenye kona ya Huy hakuna jasho la mwenzako unaloweza kulila. Kila mmoja anapanda kwa mapafu yake.

Kinachoamua pale ni akiba ndogo ya nguvu za ziada ambazo kila mwendeshaji anazo juu ya kiwango anachoweza kukidumisha. Akiba hiyo ikitumika haraka haijazwi tena kabla ya mstari, ndiyo maana wanaoshambulia mapema pale Huy huonekana kama mashujaa kwa sekunde ishirini na kama watu wanaotembea kwenye matope kwa sekunde ishirini zinazofuata. Valverde alikuwa na mambo mawili ambayo ni nadra kukutana katika mwili mmoja: uwezo wa kupanda na wepesi kama wapandaji wembamba wa milima mirefu, na mlipuko wa mwisho unaokaribia ule wa watu wanaoishi kwa mbio fupi za kumalizia. Mtu wa namna hiyo akifika mita mia mbili za mwisho akiwa na wenzake, ameshashinda. Wote waliokuwa naye walijua atafanya nini, walijua atakifanyia wapi, na kwa miaka minne mfululizo hawakuweza kumzuia. Siuiti ujanja ushindi unaotangazwa mapema kiasi hicho.

Hapa ndipo hesabu ya kusubiri inapoeleweka. Katika kundi dogo la watu wa mwisho, mwenye kasi kubwa ya kumalizia hana sababu yoyote ya kulivunja kundi, na asiye na kasi hiyo hana budi kulivunja. Tunamsifu Mhispania mwenzake Alberto Contador kwa kushambulia kutoka mbali, na anastahili sifa hiyo, lakini Contador angesubiri hadi mita mia mbili za mwisho dhidi ya Valverde angekuwa anajipeleka mwenyewe machinjioni. Joaquim Rodríguez alikuwa na mlipuko wa kutisha kwenye kilima kifupi, lakini kwenye tambarare ya mwisho hakuweza kuufikia ule wa Valverde, kwa hiyo naye ilimbidi aondoke mapema. Ushujaa wa namna hiyo mara nyingi ni upungufu uliopambwa vizuri, nasema hivi nikiwa shabiki mkubwa wa wote wawili.

Wala si kweli kwamba siku zote alingoja mwingine amfanyie kazi. Katika Liège–Bastogne–Liège ya mwaka 2015, mbio nyingine za siku moja za Ubelgiji, Dani Moreno aliponyoka katika kilomita ya mwisho, kwenye barabara ya kupanda kuelekea mstari wa kumalizia uliokuwa Ans wakati huo. Hakuna aliyetaka kumfuata, kwa sababu anayemfuata anampeleka Valverde mstarini. Basi Valverde akamfuata mwenyewe, akaliziba pengo peke yake huku wote wakiwa wamemkalia nyuma, kisha akapiga mbio za mwisho na kuwashinda Julian Alaphilippe na Rodríguez. Miaka miwili baadaye, katika mbio hizohizo, Dan Martin alishambulia karibu na hapo, na Valverde akamfuata na kumpita. Huo ulikuwa ushindi wake wa nne wa Liège, baada ya ule wa 2006, 2008 na 2015, siku moja tu baada ya kifo cha mwendesha baiskeli Michele Scarponi wa Italia, aliyegongwa na gari akiwa mazoezini. Atakayeitazama tena Liège ya 2015 na bado akamwita mwoga anatazama mbio zingine.

Hata hivyo, siwezi kuwatetea wanaosema hakuwahi kukosea, kwa sababu kuna mashindano ya wiki tatu na kuna Florence.

Nianze na ya wiki tatu, ambayo naona si tata sana. Julai 2005, katika Tour de France yake ya kwanza, Valverde alimshinda Armstrong mstarini kule Courchevel, na Wahispania wengi wakaamini wamempata mshindi wa Tour wa baadaye. Baadaye hiyo haikufika. Mwaka huo alijitoa kwa maumivu ya goti. Mwaka uliofuata alianguka siku za mwanzo na kuvunjika mtulinga. Katika Vuelta a España ya 2006, mashindano ya wiki tatu ya Hispania, alivaa jezi ya uongozi hadi Alexandre Vinokourov alipomponyoka kuelekea Granada, akamaliza wa pili. Aliposhinda Vuelta mwaka 2009, aliishinda bila kushinda hatua hata moja, yaani mbio za siku moja ndani yake, kwa tofauti ya sekunde 55 dhidi ya Samuel Sánchez, na wafuasi wa Cadel Evans hawajasahau gurudumu lililoharibika la mtu wao na muda alioupoteza akisubiri msaada.

Katika Tour ya 2013 alikuwa wa pili kwenye msimamo wakati gurudumu lake lilipoharibika kwenye hatua ya kwenda Saint-Amand-Montrond, siku ambayo upepo wa ubavuni ulikuwa umeshaanza kulikata kundi vipande vipande. Timu za mbele hazikungoja, na hakukuwa na sababu ya kungoja. Alipoteza karibu dakika kumi. Watu wanalitaja tukio hilo kama bahati mbaya, na kwa kiasi fulani ni kweli, lakini ninaona pia kwamba kipaji chake hakikuwa cha siku ishirini na moja. Mtu anayeishi kwa mlipuko hufaidika pale ambapo mashindano yanakusanywa yote kwenye dakika tano za mwisho. Katika wiki tatu, kwenye milima ya dakika arobaini na mbio ndefu dhidi ya saa, mlipuko unakupa sekunde chache za ziada mstarini na mwenye injini kubwa anakupokonya dakika nzima siku inayofuata. Kusimama kwenye jukwaa la Vuelta mara saba, mara moja la Giro d'Italia mwaka 2016 na mara moja la Tour ni mavuno makubwa kwa mwili wa namna ile, na wanaoyaita kushindwa wanampima kwa matarajio waliyomwekea wao wenyewe siku ya Courchevel.

Florence ni habari nyingine. Mbio za ubingwa wa dunia za Septemba 29, 2013 zilikuwa za zaidi ya kilomita 270, sehemu kubwa chini ya mvua, na mwishoni walibaki wanne waliokuwa na nafasi ya kweli: Vincenzo Nibali aliyekuwa akibeba matumaini ya Italia nzima barabarani mwake, Rui Costa wa Ureno, na Wahispania wawili, Rodríguez na Valverde. Wawili dhidi ya mmoja na mmoja ni hali ambayo kocha yeyote angeiomba. Rodríguez alishambulia, akafikiwa, akashambulia tena na kupata pengo. Kazi ya Valverde kuanzia hapo ilikuwa nyepesi kuieleza: Nibali akivuta, kaa nyuma yake, Costa akiondoka, ondoka naye. Costa akaondoka. Valverde akabaki kwenye gurudumu la Nibali. Costa akamfikia Rodríguez ndani ya kilomita ya mwisho na kumshinda mstarini. Valverde akamaliza wa tatu, na Rodríguez akalia jukwaani kiasi ambacho wengi walioiona picha ile hawajaisahau.

Watetezi wa Valverde wana majibu mawili. La kwanza ni lile alilolitoa mwenyewe, kwamba miguu ilikuwa imekwisha baada ya saa zaidi ya saba za baridi na maji. La pili ni la minong'ono zaidi: Costa alikuwa mwenzake wa timu ya Movistar mwaka huo, na wapo wanaodai alimwachia rafiki. Hili la pili silipi uzito wowote, kwa sababu mtu aliyekuwa akiutafuta ubingwa wa dunia kwa miaka kumi hawezi kuugawa kwa ajili ya mwenzake anayevaa jezi moja naye siku nyingine za mwaka. Hilo la miguu nalipa uzito nusu. Ukitazama jinsi alivyokimbia mita za mwisho na kumwacha Nibali kwa nafasi ya tatu, unaona kuna kitu kilikuwa kimebaki, ingawa kukimbia mita mia mbili na kulifuata shambulizi la kilomita mbili ni kazi mbili tofauti na mwili unaweza kuwa na ya kwanza bila ya pili.

Ninachoamini ni kwamba Costa alipoinuka, Valverde alifanya jambo ambalo mwili wake ulikuwa umemlipa kwa kulifanya maelfu ya mara. Alisubiri. Maisha yake yote, anayeondoka mapema alirudishwa na mtu mwingine, kisha yeye akashinda mwishoni. Florence hakukuwa na mtu mwingine. Nibali hakuwa na sababu ya kumkokota mwenye kasi kuliko yeye hadi mstarini, na mbele alikuwa Mhispania ambaye Valverde hakupaswa kumfukuza. Pengo la Costa lilikuwa la kuzibwa na mtu mmoja tu duniani sekunde ile, naye aliganda. Mashabiki waliita usaliti. Mimi naiita mazoea, na mazoea katika mbio za kilomita 270 ni kosa kamili la kimbinu ambalo hakuna medali inayolifuta. Inafurahisha kidogo kwamba mtu huyohuyo baadaye alikabidhiwa kazi ya kukiongoza kikosi cha wanaume cha Hispania, na akakipeleka Kigali mwaka 2025 katika mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa barabarani kufanyika Afrika. Bila shaka anajua kuwaeleza vijana nini cha kufanya Mreno akiondoka.

Lawama ya timu ni ndogo kuliko hiyo lakini haifi. Katika Tour ya 2015, Nairo Quintana, mwenzake wa Movistar, alimaliza wa pili, dakika 1 na sekunde 12 nyuma ya Chris Froome, na Valverde akawa wa tatu, jukwaa lake la kwanza na la pekee la Tour, akiwa na miaka 35, akalia machozi. Wafuasi wa Quintana wanaamini Movistar walilinda nafasi ya tatu ya mkongwe badala ya kuitafuta ya kwanza ya kijana. Wanasahau kwamba siku ya kupanda mlima wa Alpe d'Huez Valverde alishambulia kwenye mlima uliotangulia, Croix de Fer, na kwamba Quintana alimfuata pale. Kwenye Alpe d'Huez Quintana alimpokonya Froome dakika 1 na sekunde 20 barabarani, na hiyo ilikuwa siku moja kabla ya Paris. Kama kuna swali, ni kwa nini hakuanza kushambulia kwa dhati siku kadhaa kabla, na swali hilo ni la Quintana na wakurugenzi waliokuwa garini. Valverde alifanya alichoweza kwa mwenzake bila kuitupa nafasi yake, na sioni kwa nini mtu wa miaka 35 aliyeisubiri nafasi hiyo muongo mzima angeitupa.

Nimelichelewesha suala la dawa, na msomaji anaweza kuwa amelishangaa hilo. Halikwepeki. Valverde alihusishwa na uchunguzi wa polisi wa Hispania wa mwaka 2006 uitwao Operación Puerto, uliomhusu daktari Eufemiano Fuentes na mifuko ya damu iliyohifadhiwa kwa ajili ya wanamichezo. Hispania haikumwadhibu. Italia ndiyo iliyofanya hivyo: Tour ya 2008 ilipoingia Prato Nevoso, nchini Italia, kamati ya olimpiki ya nchi hiyo, CONI, ilichukua sampuli yake ya damu na kuilinganisha na mfuko mmoja wa Fuentes, na DNA zikaoana. Mwaka 2009 alizuiwa kushindana katika ardhi ya Italia, na Mei 2010 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaifanya adhabu kuwa ya dunia nzima, miaka miwili kuanzia Januari 1, 2010. Matokeo yake ya 2010 yalifutwa, ukiwamo ushindi wa Tour de Romandie. Ya kabla ya hapo yalibaki, na Vuelta ya 2009 bado ni yake. Yeye alikana.

Kwa hiyo shabiki anayesema kipaji chake hakipimiki kwa uhakika anasema kweli, na mimi sina cha kumjibu. Hatuwezi kuchukua karatasi na kutoa kiasi fulani cha dawa kutoka kwenye Liège ya 2006 tubaki na kipaji kitupu. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kudai kwamba kila alichokifanya baada ya kurejea Januari 2012 ni mwendelezo wa mifuko ileile. Alirejea na katika mashindano yake ya kwanza, Tour Down Under ya Australia, akashinda hatua ya Willunga. Wapo waliouona ushindi huo kama uthibitisho wa usafi wake na wapo waliouona kama uthibitisho wa uchafu wake, yaani hatua moja ya kilima ilibebeshwa kesi mbili zinazopingana. Ushindi wake mara nne kati ya mara tano za Huy, Liège mbili kati ya nne, na medali nne kati ya saba za dunia zilikuja baada ya adhabu, katika miaka ya pasipoti ya kibiolojia, yaani kumbukumbu ya vipimo vya damu vya kila mwendeshaji, na vipimo vingi zaidi. Hilo halithibitishi usafi. Linaondoa tu dai kwamba bila Fuentes asingekuwa mtu.

Shaka hiyo ndiyo inayoufanya mjadala wa umri kuwa mchungu. Kwa kawaida mwendesha baiskeli wa milima hufikia kilele chake kati ya miaka 27 na 32 hivi, na uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua taratibu baada ya hapo. Lakini uchumi wa mwendo, ustahimilivu wa saa nyingi na akili ya kujipanga ndani ya kundi havishuki kwa kasi hiyo, na kwa mtu anayeshindana sana vinaweza hata kuongezeka. Kisichoelezeka kirahisi kwa Valverde ni kwamba ule mlipuko, ambao kwa wengi ndio unaotangulia kuondoka, ulibaki naye hadi karibu miaka arobaini. Ninadhani namna aliyoupangilia mwaka wake ina sehemu ya jibu. Wakati wenzake walikuwa wakijifungia kambini milimani na kujitokeza kwa malengo mawili au matatu, yeye alishindana kuanzia Januari au Februari hadi Oktoba na kutafuta ushindi hata katika mashindano madogo ya Hispania ambayo bingwa mwingine angeyachukulia kama mazoezi. Baadhi ya mashabiki walilaumu hilo pia, wakisema alipoteza fomu yake ovyo badala ya kuielekeza kwa Tour. Kwangu inaonekana hakuwa na fomu ya kuelekezwa; alikuwa na kiwango kimoja cha juu kilichokaa mwaka mzima, na ambaye hana kilele hawezi kumshinda aliye kileleni kwa wiki tatu za Julai, ila anaweza kumshinda kila mtu mwezi Machi.

Julai 1, 2017, siku ya kwanza ya Tour kule Düsseldorf, aliteleza kwenye kona yenye maji katika mbio dhidi ya saa na kuvunjika pia ya goti. Alikuwa na miaka 37, na mwaka huo ulikuwa bora kuliko karibu yote aliyowahi kuwa nayo. Wengi waliandika kwamba amekwisha, na sikuwa na sababu ya kuwapinga. Mwaka 2018 akashinda mbio za Valencia, za Abu Dhabi na za Catalunya kabla Machi haijaisha, akachukua hatua mbili za Vuelta, akaporomoka hadi nafasi ya tano katika milima ya Andorra, na wiki mbili baadaye akasimama kwenye mstari wa kuanzia wa ubingwa wa dunia nchini Austria.

Njia ya Innsbruck ilikuwa ya kilomita 258, na mwishoni ilipanda kilima kinachoitwa Höll, chenye sehemu ya asilimia 28. Walioshuka kutoka huko wakiwa mbele walikuwa Valverde, Romain Bardet na Michael Woods, na Tom Dumoulin akawafikia karibu na kilomita ya mwisho. Kwa karatasi, Valverde alikuwa mwenye kasi kuliko wote, na kwa hiyo wote walimkalia nyuma. Hapo ndipo lawama ya miaka yote ilipogeuzwa kichwa chini miguu juu: aliyelaumiwa kwa kukaa nyuma alilazimishwa kukaa mbele, akigeuza shingo kuwatazama, bila gurudumu la kujificha, katika mbio alizokuwa ameshapanda jukwaani mara sita bila kushinda, fedha mbili na shaba nne. Akaanza mbio za mwisho kutoka mbali, mita kama mia tatu, mahali ambapo mwenye hofu asingeanzia, na Bardet hakumfikia. Alikuwa na miaka 38 na miezi mitano. Katika historia ya ubingwa huo kwa wanaume, aliyeshinda akiwa mzee kumzidi ni Joop Zoetemelk peke yake, mwaka 1985, naye alimzidi kwa miezi mitatu na kitu. Peter Sagan, aliyeibeba jezi ya upinde wa mvua ya bingwa wa dunia kwa miaka mitatu, akamvisha medali.

Watu waliokuwa wakimchukia walinyamaza kwa wiki moja hivi. Kisha Agosti 2019, katika Vuelta, akaivaa jezi hiyo hadi juu ya Mas de la Costa, mlima unaopanda kama ukuta, akamkalia Primož Roglič hadi mita za mwisho na kumpita, na lawama zikarudi kwa maneno yaleyale. Alimaliza Vuelta hiyo wa pili nyuma ya Roglič na mbele ya Tadej Pogačar, ambaye alizaliwa miaka 18 baada yake. Anayesema ilikuwa aibu kumkalia Roglič pale anataka mtu wa miaka 39 amvute kijana mwenye nguvu kumzidi ili ashindwe kwa heshima.

Aprili 2022 alirudi Huy kwa mara ya mwisho, siku tano kabla ya kutimiza miaka 42. Dylan Teuns alianza mapema, na Valverde akafanya alichokifanya siku zote: akashika gurudumu lake, akakaa, akasubiri mahali palepale. Safari hii mlipuko haukutosha kumtoa ubavuni mwa Teuns, akamaliza wa pili. Sikumsikia mtu hata mmoja akimwita mla jasho siku hiyo. Waliomzomea mwaka 2015 kwa mbinu ileile walimshangilia kwa sababu haikufanikiwa, na nadhani hilo linasema zaidi juu yetu tunaotazama kuliko juu yake. Miezi sita baadaye akamaliza wa sita katika Lombardia, mbio alizomaliza wa pili mara tatu na ambazo hakuwahi kuzishinda, na Wahispania ninaobishana nao bado wanataka kujua kwa nini hakumfuata Costa.